Dakika Kumi na Moja za Bibi

Taa ya miksa, ile mashine ya kurekodia sauti, ilikuwa inawaka, na betri zake zote nane zilikuwa juu ya meza.

Masikio alizihesabu tena, kwa sababu mtu akiona jambo kama hilo saa tisa mchana, wa kwanza kumshuku ni yeye mwenyewe. Nane. Trei ya betri ilikuwa wazi na tupu, na hakuna waya uliochomekwa popote. Taa ya kijani imetulia tuli. Chumba kilinuka mafuta ya kuchua, yale ya wazee wenye magoti mabovu, na nyumba yake haikuwa na mzee hata mmoja.

Mwingine angetimua mbio. Yeye aliona aibu, maana harufu hiyo alijua ilikotoka.

Jina la Masikio alipewa na wenzake wa kazi ya kurekodi. Alikuwa na uwezo wa kusikia friji ya jirani ikinguruma, akasimamisha kazi mpaka izimwe, na sifa hiyo alitembea nayo kifua mbele. Siku tatu nyuma, familia moja ilimwita amrekodi bibi yao akisimulia maisha yake, kwani bibi alikuwa hoi na kila mtu aliona siku zake zimebaki za kuhesabu. Masikio akafika, akafungua begi, akakumbuka kwamba betri kubwa ya miksa ameiacha nyumbani kwenye chaji. Begini mlikuwa na betri ndogo nne mpya na nne zilizokwisha kutumika. Fundi wa sauti yeyote anajua kwamba mpya hazichanganywi na kuukuu. Zile dhaifu huzivuta zenye nguvu mpaka zote zinaanguka pamoja. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara. Lakini angewaambiaje watu kwamba yeye, Masikio mzima, amekuja kazini bila umeme? Akazichanganya.

Kwa saa nzima, katika chumba kilichonuka mafuta ya kuchua, mambo yalikwenda vizuri. Kisha bibi akamgeukia binti yake wa mwisho, huyo aliyemwogesha na kumlisha kwa miaka sita.

"Mwanangu, hebu toka kidogo. Nataka kusema habari zako, na sitaki unitazame nikizisema. Nitasema mara moja tu. Utazisikia nikishaondoka."

Kitindamimba akatoka. Bibi akafungua mdomo, na betri zikaisha; miksa ikazimika, hedifoni zikafa.

Zilikuwa hedifoni nzito, za kuziba masikio kabisa, na bibi alikuwa akisema kwa kunong'ona. Masikio aliona midomo ikicheza, hakusikia hata herufi. Angeweza kuinua mkono akasema, samahani bibi, tusubiri kidogo. Neno moja tu. Badala yake alifanya kile mafundi wa sauti wanachofanya siku zote, kwa kuwa hawaruhusiwi kuitikia kwa mdomo wasije wakaingia kwenye maiki: alitikisa kichwa juu na chini, kama anayekubali. Kila alipotikisa, bibi alipata nguvu ya kuendelea. Alilia. Kuna mahali alicheka. Kuna mahali aliinua viganja vyake viwili, akapima kitu kidogo hewani. Saa ya ukutani ilihesabu dakika kumi na moja, na Masikio alizitikisia kichwa zote.

Mwishoni midomo ya bibi iliuliza jambo ambalo hata kiziwi angelielewa. "Umeyapata?"

"Yote, bibi."

Mlangoni kitindamimba alimshika mkono. "Kaka, amesema mabaya?"

"Utasikia, dada."

Kesho yake bibi akafariki.

Sasa miksa ilikuwa inawaka bila betri, na Masikio, kwa mazoea ya kazi, akavaa hedifoni. Kwanza alisikia kimya cha chumba kile cha mgonjwa, na saa ya ukutani. Kisha, karibu sana, upande wa sikio la kushoto, mtu aliitikia: "Mmh." Haikuwa sauti ya bibi wala ya mtu yeyote anayemjua, ilikuwa sauti ya msikilizaji tu, mvumilivu, asiye na haraka, na baada yake ndipo sauti ya bibi ikaanza, ileile yenye mikwaruzo, ikisema kwamba huyu wa mwisho sikumtaka, nilimlea kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na kila aliponiogesha nilifumba macho nisimwone, mmh, na hata mkono wake ulikuwa unanichukiza, mmh, na ndivyo ilivyokwenda mpaka Masikio alipogundua kwamba shingo yake inacheza yenyewe, juu na chini, juu na chini, na kwamba hana uwezo wa kuisimamisha.

Mke wake ndiye aliyemvua hedifoni.

"Uko na nani humu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Peke yangu."

"Mume wangu, usinifanye mtoto. Tangu juzi, ukitoka tu, kuna mtu anaitikia chumbani humu. Mmh, mmh, kama anapewa habari. Saa imesimama. Tochi imekufa. Rimoti nimeitia betri mpya asubuhi, saa hizi haina kitu."

Masikio aligeukia skrini ya miksa. Kwenye kadi ya miksa kulikuwa na faili jipya, dakika kumi na moja kamili. Na hapa ndipo pabaya zaidi: kwa muda mfupi Masikio alifurahi. Alifikiri kwamba akiipeleka kadi, hakuna atakayejua, na jina lake litabaki pale lilipo. Furaha hiyo ilimtia aibu kuliko yote yaliyotangulia.

Mke alimwita mama yake mkubwa, mwanamke mkavu wa maneno, aliyezoea kutoa majini kwenye nyumba za watu. Alisimama kizingitini, akanusa, hakugusa kitu. Akataka aelezwe, na Masikio akaeleza, macho sakafuni.

"Huyu hajatumwa na mtu," alisema. "Umemwachia kiti mwenyewe."

"Kiti gani, mama?"

"Cha kusikiliza. Wewe ulitoka pale ukaacha kichwa kinatikisika. Yeye akakaa."

"Na anayoyasema ni kweli?"

"Nitajuaje, mkwe wangu? Hata wewe hukuwepo." Alijifunga vizuri kilemba. "Anakula unachokificha. Nenda kwa mwenye haki, weka hicho kidude katikati yenu, useme yote. Ukibakiza hata kidogo, umembakizia chakula. Kisha ukakitupe, na mtu asikiweke tena masikioni."

Asubuhi iliyofuata Masikio alikaa katika chumba kile kile. Godoro la bibi lilikuwa limeondolewa. Kitindamimba alikaa kwenye kigoda, miksa ikiwa mezani kati yao, inawaka.

Alisema. Betri kubwa aliyoisahau, betri alizochanganya, hedifoni zilivyokufa, kichwa alivyokitikisa. Akasema na habari ya taa isiyo na umeme. Kila sentensi ilimtoka kama mwiba, na kila ilipotoka taa ilififia.

"Nilikuona kupitia dirishani," kitindamimba alisema polepole. "Nilijiambia, kama fundi anatikisa kichwa vile, basi ni maneno yanayosikilizika."

"Nisamehe, dada."

"Kwa hiyo hujui alichosema."

"Sijui. Niliona tu kwamba alilia. Akacheka. Akapima hivi." Aliinua viganja vyake viwili, akaacha kati yake nafasi ya mtoto mchanga.

Kitindamimba aliitazama nafasi ile kwa muda mrefu. Taa ikazimika. Harufu ya mafuta ya kuchua ikaondoka, likabaki vumbi na dirisha lililo wazi. Masikio alivuta pumzi, ya kwanza kamili kwa siku nne.

"Na hicho kidude," dada yule aliuliza, "kilipokuwa kinawaka bila betri, ulisikia nini ndani yake?"

Hilo hakuwa amelisema. Alimtazama usoni, akayakumbuka maneno yale moja baada ya jingine, na hakutaka kuwa yeye wa kumpa. Baadaye alijiambia kwamba ilikuwa huruma. Haikuwa huruma. Alichoka kuonekana mtu mbaya.

"Hakuna kitu," alisema. "Makelele tu."

Taa ikawaka.

Kitindamimba aliiona, akanyoosha mkono kwenye hedifoni. Masikio naye akanyoosha wake amzuie, lakini kumzuia kulitaka maelezo, na maelezo yalitaka kukiri kwamba amesema uongo tena, hapo hapo, kabla kiti hakijapoa. Mkono wake ukarudi mapajani.

"Miaka sita," dada yule alisema. "Hata makelele yake nayataka."

Akazivaa. Masikio hakusikia chochote ila harufu ya mafuta ikirudi chumbani. Mfukoni mwake betri nane zilikuwa za baridi. Alimwona kitindamimba akifumba macho, kisha kichwa chake kikaanza kutikisika taratibu, juu na chini, juu na chini, na machozi yakashuka bila uso kubadilika. Alikaa hivyo dakika nyingi. Kisha akatulia kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali lile la mwisho.

"Yote, mama," akajibu.