Shina la Upande wa Fundi

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Pilipili alichukua beseni na kuinama chini ya uzio kuokota pasheni. Kuchuma hakuruhusiwa. Pasheni za njano huanguka zenyewe zikiiva. Ukizichuma mapema utakunja uso mpaka jioni. Mama yake alizikamua, akachuja mbegu, akaongeza maji ya kuchemsha na sukari, kisha akaenda kuuza juisi kwenye lango la zahanati. Juisi hiyo ndiyo iliyowalisha wawili hao.

Jina la Pilipili alilipata siku alipoupiga mlango teke kwa kumbana kidole. Mlango haukusema kitu. Mguu ndio uliovimba.

Upande wa pili wa uzio wa waya aliishi fundi wa kuchomelea, mtu wa sauti kubwa, aliyeitwa Fundi Cheche. Matawi ya pasheni yalitanda juu ya waya hata usijue lipi la nani, na matunda mengi yaliangukia kwake. Aliyaokota yote, tena kwa kelele.

"Mvua imenyesha tena huku!" alipaza sauti akijaza ndoo. "Mlioko ng'ambo, poleni na kiangazi!"

Mama alicheka. Pilipili alikunja ngumi.

"Mama, anatuibia na wewe unacheka?"

"Kinachomwangukia ni chake. Tulipatana zamani."

"Lakini mmea ni wetu!"

"Nimesema acha, we mtoto. Nina chupa za kuosha."

Hapo mama naye aliteleza. Watu wazima hupenda kusema "acha" bila kusema kwa nini, halafu mambo yakiharibika wanashangaa.

Kesho yake darasani, binti wa Fundi, ambaye wenzake walimwita Kicheko, alitoa pasheni mfukoni, akaipasua kwa meno na kuifyonza mbele ya Pilipili.

"Mmh! Mama yako anajua kupanda, jamani. Sisi tunajua kula."

Darasa zima likaangua kicheko. Pilipili alihisi masikio yanaungua.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa zahanati, na mashine ya Fundi ilikuwa ikinguruma mbele ya nyumba yake. Pilipili aliutazama uzio vizuri. Kumbe upande wa Fundi kulikuwa na shina jingine, nene kama kifundo cha mkono, limetoka kwenye udongo wake. "Ndiyo maana anajidai!" alisema. "Amepanda kijiti chake ili apate kisingizio cha kula vyetu." Alichukua kisu cha jikoni, akapenyeza mkono kwenye waya, akakereza mpaka shina likakatika. Raha aliyoipata haikudumu hata muda wa chai kupoa.

Majani yaliponyauka, Fundi alikuja akitoa moshi puani.

"Nani kakata shina langu?"

"Labda mbuzi," alisema Pilipili, akiwa nyuma ya mama yake.

"Mbuzi! Mbuzi gani anatembea na kisu? Limekatwa sawasawa kama kipande cha sabuni!"

Mama naye akawaka. "Usimtazame mwanangu hivyo! Sikulea mharibifu mimi. Wewe ni mwongo na mgomvi. Ukirudi hapa, rudi na ushahidi!"

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Pilipili alivitazama vidole vya miguu yake na kunyamaza.

Matunda yaliyokuwa yameshatoka yaliendelea kuiva, yakaanguka, yakaisha. Maua mapya yalifunguka kila mchana, meupe na zambarau, nyuki wakaingia na kutoka. Kesho yake yalidondoka, na pale lilipokuwa ua hapakubaki kitu. Kwa kutapatapa tu, mama aliweka mbolea. Alimwagilia. Wapi! Chupa zikakaa rafuni vinywa chini, naye akaanza kufua nguo za watu. Akawa anarudi vidole vimechunika kwa sabuni.

Jioni moja alikaa kizingitini, akautazama uzio na kusonya.

"Tangu shina la Fundi likauke, hatujapata hata tunda moja. Pasheni hizi hazizai peke yazo. Ua linataka chavua ya mmea mwingine, siyo ya shina lilelile. Tulipoanza tulipata maua matupu, mpaka nilipomwomba Fundi apande wake upande ule. Akakubali, tukapatana kila mtu aokote kinachomwangukia. Aliyekata lile shina ametukata matumbo. Ole wake nimjue!"

Pilipili angeweza kunyamaza tena. Nani angejua? Lakini vile vidole vilivyochunika vilikuwa mbele ya macho yake.

"Mama, ni mimi."

"Rudia."

"Ni mimi niliyekata. Kwa kisu cha jikoni."

Mama alisimama taratibu, na hilo lilitisha kuliko kelele. "Nimemfukuza mtu mlangoni kwangu kwa ajili yako. Nimemwita mwongo, kumbe mwongo nimemficha mgongoni! Vaa viatu."

Walimkuta Fundi akinyoosha chuma.

"Shikamoo, Fundi," alisema Pilipili.

"Marahaba utaipata nikijua umekuja na nini."

Pilipili alimweleza yote, ya uzio na ya darasani. Fundi alitupa nyundo chini, kuku wakatawanyika.

"Mbuzi! Nilisema mimi! Mbuzi gani ana kisu?" Alifoka mpaka jasho likamtoka, na mama hakumtetea mtu.

"Nami nilikutukana, jirani," mama alisema alipopata nafasi. "Nisamehe. Huyu mpe kazi ya kurekebisha."

Kicheko alicheka nyuma ya pazia. Baba yake akageuka. "Wewe nawe toka huko! Nani alikutuma kumtambia mwenzako chakula? Shangazi yako ana mmea wa pasheni kule nyuma ya soko. Mtakwenda wote wawili."

Basi kila siku baada ya shule walikwenda kwa shangazi, wakachuma maua yaliyofunguka, wakayatia kwenye kopo na kurudi mbio kabla maua ya nyumbani hayajafumba. Walipaka chavua kwenye vile vichwa vitatu vya katikati ya ua, moja baada ya jingine. Mwanzoni hawakusemezana.

"Taratibu, utalivunja!" Kicheko alifoka siku moja.

"Mdomo ungezaa matunda, wewe ungekuwa shamba."

Kicheko alijaribu kununa, akashindwa.

Haukupita muda, maua yalipodondoka yakaacha shanga za kijani. Fundi akapanda mche mpya, huku akilalamika, na Pilipili akapewa kazi ya kuumwagilia. Pasheni zilipoanza kuanguka tena, mama aliacha kufua, akarudi langoni kwa zahanati.

"Bado umekasirika, mama?" Pilipili aliuliza, mama akikamua matunda.

"Sana."

"Lakini walikuwa wanatucheka."

"Walitucheka, ndiyo. Kasirika! Uliza, piga kelele, lia ukitaka. Lakini hasira ina jicho moja, mwanangu. Inakuonyesha jirani anachokula, haikuonyeshi anachokulisha. Ndiyo maana mwenye hasira hapewi kisu. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mama yako hajagombana na watu akitetea uongo." Akamsukumia chujio. "Sasa shika hapa. Ikipita mbegu moja, nakasirika upya."