Harufu ya Mama Lorraine

Jumatatu jioni chupa ya maziwa ilirudi imejaa. Adoyo aliitikisa mlangoni kwa Mama Koki, akaiinua kwenye mwanga wa balbu ya ngazi, akaona maziwa yako palepale alipoyaacha asubuhi. Nusu saa ya kujikamua alfajiri ilikuwa imekwenda bure.

"Mama Koki, mtoto hakunywa?"

"Angekunywa ya nini? Si ulikuja saa saba ukamnyonyesha?"

"Mimi?"

"Kwani nani? Sikutoka jikoni, nilikuwa napikia hawa wengine, lakini nilikusikia ukimwimbia. Na hiyo pafyumu yako, aki Mama Lorraine! Unanukia mpaka sufuria zinanukia. Siku moja unipake kidogo na mimi."

"Saa saba nilikuwa kazini, sokoni Gikomba."

"Basi nimezeeka," Mama Koki akacheka, akamkabidhi mtoto.

Mwanamke anayelea watoto saba wa watu katika nyumba ya chumba kimoja na jikoni akikosea nani ameingia na nani ametoka, nani atamlaumu? Adoyo naye akacheka. Lorraine, miezi saba, alikuwa amelala ameshiba, tumbo limekaza, na pembeni mwa mdomo wake palikuwa na tone la maziwa ambalo halijakauka.

Sasa tuelewane kuhusu hiyo pafyumu, maana wapo watakaosema Adoyo alijitakia. Hakujitakia. Tangu azae, mwili wake ulikuwa mali ya kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Kifua kilikuwa cha mtoto. Mgongo na miguu vilikuwa vya Wanyoike, tajiri wake, mwenye kibanda cha mikoba ya mitumba. Sikio lilikuwa la Austine, baba mtoto, aliyekwenda Qatar kulinda majengo ya watu na kupiga simu kila Ijumaa kulalamikia joto. Kilichobaki chake kilikuwa saa moja ya Jumapili baada ya kanisa, Lorraine akilala. Hapo alijaza karai maji ya moto, akatia chumvi na maganda ya limau, akazamisha miguu, akasugua visigino kwa jiwe mpaka vikalainika, kisha akajipaka mafuta taratibu kuanzia vidoleni, bila haraka, bila mtu kumwita. Chumba chenyewe ni kimoja, ghorofa ya tatu ileile ya Mama Koki, mtaa wa Tena, na dirisha linatazama nguo za majirani. Lakini saa hiyo moja alistarehe. Anayetaka kumcheka acheke, kisha akaangalie visigino vyake.

Kichupa alikipata kazini. Gikomba belo la mikoba likifunguliwa, kilichomo mfukoni ni cha aliyetia mkono. Ndiyo sheria, na hata Wanyoike, ambaye cha bure kwake ni salamu tu, huifuata. Watu hupata vitana, rozari, picha za watoto wa Kizungu. Adoyo alitia mkono ndani ya mkoba mweusi wa ngozi, akatoa kichupa cha kioo kizito kisicho na jina, shingo imefungwa uzi mwekundu, ndani mna mafuta yenye rangi ya chai ya rangi.

"Hiyo ni yako," Wanyoike alisema. "Lakini mimi uzi kama huo singefungua."

"Wewe unaogopa hata panya."

Akaukata kwa meno. Ilitoka harufu ya waridi na udi, na chini yake kitu cha joto, kama utosi wa mtoto mchanga. Jumapili hiyo, baada ya karai, alijipaka tone moja nyuma ya kila sikio, na kwa mara ya kwanza tangu atoke wodi ya wazazi alijiona mwanamke, si ng'ombe wa maziwa. Alilia kidogo, kwa furaha.

Kosa, kama ni lazima tuliite kosa, lilikuja siku hiyohiyo. Kwa Mama Koki kuna desturi: kila mama huacha leso aliyolalia yeye mwenyewe, isiyofuliwa, na mtoto hulazwa juu yake asikie jasho la mamake, asilie. Leso ya Adoyo ilikuwa imechacha kwa maziwa. Ijumaa iliyotangulia Lydiah wa ghorofa ya chini, ambaye mwanawe hulelewa hapohapo, alikuwa ameshika pua mbele ya kina mama wote akauliza, "Na hii ni ya nani, ya mbuzi?" Walicheka, na Adoyo akacheka nao huku uso ukimwaka. Basi Jumapili akaifua kwa sabuni ya unga, ikakauka juani, akaidondoshea matone matatu ya yale mafuta. Asubuhi aliikabidhi kwa Mama Koki kichwa kikiwa juu.

Hiyo ndiyo Jumatatu ambayo chupa ilirudi imejaa. Na Jumanne ikarudi imejaa, na Jumatano, na wiki iliyofuata. Adoyo alipouliza, Mama Koki alianza kukasirika: alikuwa akiisikia sauti, alikuwa akiisikia harufu, sasa Adoyo alitaka aapie nini? Kina mama wengine walimpongeza. Lorraine alinenepa, mikono ikafanya mikunjo, ngozi ikang'aa. Jumamosi na Jumapili, ambapo Adoyo alikuwa nyumbani na leso iko kitandani, ilipofika saa saba mchana alishikwa na usingizi mzito usio na sababu, na akiamka mtoto ameshiba, naye matiti yake yamejaa mpaka yanauma.

Jioni Lorraine alimgeuzia uso. Alimnusa shingoni kwanza, akakunja pua, akalia. Adoyo akijipaka tone la mafuta, mtoto alinyamaza, lakini hata akinyamaza hakumtazama mamake. Alitazama nyuma ya bega lake, akitabasamu.

Ijumaa ya wiki ya nne Adoyo aliomba ruhusa kwa Wanyoike akaja mchana. Alipofika ghorofa ya pili harufu ilimpokea, na alipofika ya tatu akasikia wimbo, ule wimbo wa Kijaluo wa kubembelezea ambao nyanyake alimwimbia yeye na ambao hakuna mtu Tena nzima anayeujua, na sauti iliyouimba ilikuwa yake mwenyewe, pamoja na ule ukwaruzo wa mafua aliyoamka nayo asubuhi hiyo. Mlango wa Mama Koki ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha mkono. Alichungulia, akaona mgongo wa mwanamke ameketi chini, amevaa gauni la bluu alilovaa yeye siku hiyo, nywele zimesukwa kama zake, hata lile sega aliloazimwa na Shiru wa saluni liko palepale kisogoni, na juu ya mkono wa mwanamke huyo kilionekana kichwa cha Lorraine, na kiganja kidogo kikipigapiga titi kwa raha. Lorraine aliachia ziwa, akatazama mlangoni, akamwona mamake, akainua macho akamtazama yule mwingine, akawapima wote wawili kwa utulivu, kisha akarudi kunyonya.

Hapo ndipo Adoyo alipousukuma mlango. Ndani hapakuwa na mtu, ni watoto tu waliolala, na Lorraine juu ya leso, na leso imelowa maziwa.

Mama Koki alitoka jikoni na mwiko. "Umesahau nini tena? Si umetoka sasa hivi?" Alipouona uso wa Adoyo, mwiko ukamponyoka. "Yesu wangu," alinong'ona. "Basi ni nani nimekuwa nikimwachia mtoto?"

Jioni hiyo pasta wa kanisa la Adoyo alikuja akaomba mpaka shati likalowa, na muda wote Lorraine alikuwa akichekea kona ya chumba. Pasta aliitazama kona hiyo, akafupisha maombi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi na mapema Adoyo, mtoto mgongoni, alikwenda mtaa wa Majengo kwa Maalim Rajabu, muuza udi na mafuta ya kunukia, ambaye watu walisema huwajua wateja wake wote, hata wasioonekana.

Maalim hakukinusa kichupa. Alikifunika kwa kidole gumba, akauliza habari ya uzi.

"Niliukata, Maalim."

"Na ukajipaka."

"Nilijipaka. Nilikuwa nimechoka." Machozi yalimtoka. "Ni dhambi mtu kunukia vizuri?"

"Si dhambi, mwanangu. Hata Mtume alipenda manukato. Ungejipaka wewe tu, angekuja akakunusa akaenda zake. Lakini ulimpaka nani mwingine?"

Adoyo akamweleza ya leso. Mzee aliinamisha kichwa.

"Huyu ni jini wa kike aliyefiwa na mtoto. Mafuta haya ni yake, mtu alimfungia humo. Wewe umemfungulia, kisha umefuta harufu yako kwenye leso, ukaweka ya kwake, ukamlaza mwanao juu. Mtoto wa miezi saba anajua nini? Umemwambia, mama yako ni huyu." Alishusha sauti. "Kwetu sisi ziwa hufanya undugu. Kwao hufanya umiliki. Akimnyonyesha siku arobaini, ni wake, atamchukua. Amemnyonyesha ngapi?"

Adoyo alihesabu kwa vidole. "Ishirini na sita."

"Basi choma leso. Kichupa nitakizika mimi. Siku saba usitie mwilini sabuni wala mafuta, umkumbatie mwanao na jasho lako hilohilo. Ukizikamilisha saba, hesabu imefutika, jini hamjui tena mtoto. Ukifika sita ukashindwa, hujafanya kitu." Akamtazama sana. "Hawezi kuingia kwako tena ila kwa kukaribishwa. Atakuja kubisha. Ukimkaribisha kwa kinywa chako, mimi usinitafute."

Leso iliungua taratibu, na moshi wake ulinukia vizuri. Siku ya kwanza Lorraine alilia akakataa titi. Siku ya pili akakataa titi, kikombe na kijiko, akibana midomo kama mtu mzima aliyekula kiapo. Kila saa saba mchana mlango ulibishwa mara tatu, polepole, na Adoyo akaziba masikio. Siku ya tatu alimpeleka hospitali. Daktari hakuona ugonjwa, akamtundikia maji, akataka alazwe. Lakini siku ya nne mchana, wodi ikiwa wazi kwa kila aingiaye, mama wa kitanda cha pili alinyanyua pua akauliza, "Jamani, nani amejipaka kitu kizuri hivi?" na Adoyo akamng'oa mtoto kwenye mpira wa maji, akakimbia naye nyumbani kwenye mlango anaoweza kuufunga yeye.

Siku ya tano, Jumatano, Lorraine aliacha kulia, na Adoyo aliuogopa ukimya huo kuliko kilio chochote. Midomo ilikuwa imepasuka. Utosi ulikuwa umebonyea, na ile mikunjo ya mikono imekuwa ngozi tupu. Alimkamulia tone la maziwa ulimini, tone likatiririka likatoka. Alikuwa ananuka, na alijua ananuka, siku tano za jasho na maziwa yaliyochacha, na alimkumbatia mwanawe ndani ya uvundo huo akimwambia, "Ni mimi, Lorraine. Ni mimi. Ninuse." Mtoto hakufumbua macho.

Kisha saa saba ikafika, na ingawa leso ilikuwa majivu na kichupa kiko chini ya udongo wa Majengo, harufu ilipanda ngazi, ikapita chini ya mlango, ikajaa chumba, waridi na udi na lile joto, na mlango ukabishwa mara tatu.

"Mama Lorraine," ilisema sauti ya Adoyo kutoka nje, "nifungulie. Mtoto ana njaa."

"Ondoka."

"Nitaondoka. Wewe utampa nini?"

Na Lorraine, ambaye tangu alfajiri hakuwa ameinua hata kidole, alifumbua macho, akainua kichwa kinachotetemeka, akanyoosha mikono miwili kuelekea mlangoni.

"Zimebaki siku mbili," Adoyo alinong'ona. "Mbili tu. Nakuomba."

"Anazo?" ile sauti ikauliza, kwa huruma, huruma ya kweli ya mama kwa mama, na hiyo ndiyo iliyomvunja, kwa kuwa alimtazama mwanawe akajua kwamba hana siku mbili, huenda hana hata jioni hii, na kwamba aliye nje alikuwa amebakiza siku kumi na nne, na siku kumi na nne za mtoto anayepumua, anayecheka, hata akichekea mtu mwingine, ni nyingi kuliko jioni moja. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi tusiokuwa mle chumbani tusijifanye tungechagua vingine.

Alizungusha ufunguo, akafumba macho, akafungua.

"Karibu," alisema.

Alihisi uzito wa mtoto ukiondoka mikononi mwake, taratibu, kwa upole mkubwa. Akapapasa ukuta mpaka nje, akavuta mlango nyuma yake, akaketi kwenye ngazi. Ndani alisikia mnyonyo, kisha mmezo, kisha mnyonyo, wa mtoto mwenye njaa anayekula kwa pupa, na matiti yake yenyewe, kwa kusikia hivyo, yakaachia, maziwa yakalowesha blauzi yakashuka mpaka mapajani.

Mama Koki alikuwa akipanda na ndoo ya maji. Alisimama ngazi mbili chini yake.

"Mama Lorraine, mbona umekaa nje? Mtoto yuko wapi?"

"Yuko ndani," Adoyo alisema. "Ananyonya."