Fundo Tumboni mwa Kaa

Nabwire alikuwa jirani yetu Nyalenda, na kabla hamjasema nazusha, mimi nawaambia tu alichokiona yeye. Mwaka 1987 alikuwa akisafisha mawe ya kale katika chumba kimoja cha utafiti hapa Kisumu. Kazi yenyewe haitaki haraka. Unalaza jiwe kwenye beseni la asidi iliyotiwa maji, ile yenye harufu ya siki, inakula mwamba kidogo kidogo. Unalitoa, unalisuuza, unalichungulia kwa kioo cha kukuzia, unalirudisha. Mumewe Dishon, aliyekuwa mvuvi, alipenda kumtania kwamba anapika mawe wiki nzima na bado hayaivi.

Wiki moja kwenye beseni alikuwamo kaa, mkubwa wa kujaza sahani. Mkuu wake wa kazi, Laban Wanyonyi, hakuwa akila wala kulala vizuri tangu kaa yule aanze kutokeza.

"Mama, angalia hii," alinong'ona. "Kaa ikikufa, nyama inaoza, inabaki gamba peke yake. Lakini hii iligeuka jiwe kabla ioze. Matamvua iko. Macho iko. Hata tumbo na chakula yake."

"Ilikula nini?"

"Wewe ndio utatuambia."

Jumatano mchana asidi ilifungua tumbo. Nabwire aliinamia kioo. Ndani ya utumbo uliogeuka jiwe la rangi ya chai, palikuwa na uzi. Uzi ulikuwa na fundo la wavu, lenye mizunguko mitatu.

Wavuvi wote wa pale ufuoni huzungusha mara mbili. Dishon peke yake alizungusha tatu. Alifundishwa hivyo na babake kule Port Victoria, na wenzake walimcheka kwamba anamaliza uzi bure. Nabwire alikuwa amemsaidia kuziba nyavu miaka kumi. Fundo lile angelitambua akiwa amefumba macho. Aliligusa kwa sindano, nalo lilikuwa jiwe tupu.

Nabwire hakumwambia Laban neno. Alijua la kufanya, maana kwao ziwa likikuonyesha kitu cha mtu aliye hai, unakirudisha majini kimyakimya, na jina la mwenyewe halitajwi mpaka kizame. Ukilitaja, umemwita. Alilifunga jiwe zima la kaa kwenye leso, akakimbia hadi ufuoni.

Jua lilikuwa kali na wanawake walikuwa wanaanika samaki wadogo, omena. Nabwire aliingia majini mpaka magotini, akanyoosha mkono. Hapo akamwona mumewe, hatua chache tu, anaingia majini kufungua boti. Nyuma ya miguu yake maji yalikuwa yanavimba. Hapakuwa na upepo.

"Dishon! Toka!"

Jiwe lilimponyoka pamoja na leso. Likazama. Jina lilikuwa limetangulia.

Dishon alitoka akicheka. "Umekaa na mawe mingi, sasa inakuongelesha?" Lakini alipoyaona machozi aliacha mzaha, akamshika mkono. Nabwire aliusikia ukucha wa kidole gumba cha mumewe, uliopasuka katikati tangu ubanwe na boti, ukimkwaruza kiganja. Alimpenda sana mtu yule. Alimsihi asikanyage ziwani, na Dishon akakubali, siku tatu.

Siku ya nne asubuhi alisema anaenda kuleta wavu tu, ameuacha mchangani.

Wenzake walimwona akiinama kuusuuza. Maji hayakupita visigino. Waliona mgongo. Kisha waliona maji tu. Walivuta kokoro, wavu mkubwa wa kukokota, pale pale siku mbili, hawakupata hata kofia. Wavu ulibaki pale, mzima, umepungua fundo moja.

Ndipo Laban alipomtumia Nabwire ujumbe aje. Alimpokea mlangoni.

"Pole sana, Mama. Lakini ile kaa nani amerudisha? Funguo ni mimi peke yangu niko nayo."

Sakafu ilikuwa kavu. Leso ya Nabwire ilikuwa mezani, imekunjwa vizuri. Ndani ya beseni alilala kaa, na tumbo lake lilikuwa limejaa kuliko mwanzo.

Nabwire alichukua kioo. Aliliona fundo. Kando ya fundo aliona ukucha wa kidole gumba, rangi ya chai, umepasuka katikati.

"Mama, usiguse," Laban alinong'ona.

Angeachaje? Hakuwa na kitu kingine cha kuzika. Aliipitisha ncha ya sindano juu yake. Ukucha ulikuwa mgumu, jiwe kabisa. Akashuka nayo taratibu mpaka pale ukucha unapokutana na ngozi.

Chini ya sindano palibonyea. Akaitupa, akaweka kidole chake.

Ngozi ilikuwa laini, na ilikuwa bado na joto.