Nyayo za Nakorwa

Kisomatabaka, mashine ya kusoma tabaka za ardhi kwa mwanga, kilipita polepole juu ya majivu yaliyoganda, na hewani mbele yake watu wa mwanga wakaanza kutembea.

Walikuwa wanne, wafupi, mmoja akichechemea. Mashine ilipima kina cha kila unyayo ulioachwa katika jivu la volkano zama za kale, ikakadiria uzito na mwendo wa aliyeuacha, kisha ikamchora akitembea. Nyuso zilikuwa tupu, kwa kuwa unyayo hauhifadhi sura.

Dkt. Akiru Ekeno, aliyeiunda mashine hiyo, alikuwa amemleta mwalimu wake, Profesa Nzioki. Mzee huyo ndiye aliyegundua nyayo za mahali hapo, Nakorwa, enzi za brashi na vijiti vya mianzi. Yeye na mkewe, marehemu Wayua, walifukua hapo kwa magoti miaka nenda rudi. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na madaktari walishaacha kumficha kwamba hana siku nyingi.

"Mwalimu, tazama," Akiru alinong'ona.

Yule kiwete alibaki nyuma. Wenzake wakasimama, nyayo zao zikizama mahali pamoja kama za watu wanaosubiri. Kisha mmoja akarudi, na toka hapo akatembea ubavuni mwake.

Nzioki alivua miwani, akafuta macho. "Tulikuwa tukibishana kambini mpaka chai inapoa, kama hawa walijua kuhurumiana. Wayua alisema walijua. Alikuwa peke yake aliyeamini hivyo."

Akainama kwa shida ili auguse unyayo. Vidole vyake vikakuta vumbi.

"Akiru, nyayo ziko wapi?"

"Mwanga wa mashine ni mkali, Mwalimu. Jivu haliuhimili. Kila unyayo husomwa mara moja tu." Akaongeza upesi, "Lakini picha zote zimehifadhiwa."

"Picha nimeziona. Nimeuliza nyayo."

Akiru alitazama chini. "Kimebaki kipande kile cha mteremkoni. Huenda kinaonyesha kama walifika kwenye mto uliokuwa kule chini enzi zao. Nilitaka ukione kabla..."

"Kabla sijafa. Sema tu." Mzee alitabasamu. "Nami nataka, mwanangu. Nataka mno. Lakini ipo siku atakuja mtu atakayetaka kutia kidole chake humo, kama tulivyotia mimi na Wayua, ausikie ubaridi wake. Zima."

Akiru alisita. Ujana wake wote ulikuwa umeishia katika mashine ile, na kipande kile ndicho kingeikamilisha kazi. Akazima. Watu wa mwanga wakatoweka katikati ya hatua, wawili wa mwisho wakiwa bega kwa bega.

Upepo ulilipeperusha vumbi. Nzioki aliendelea kuutazama mteremko.

"Unadhani walifika?"

"Walifika."

"Mwanasayansi hasemi hivyo bila ushahidi."

Akiru aliushika mkono wa mzee uliotuna mishipa, akaubana kidogo.

"Ushahidi ni mkono huu, Mwalimu; sisi ni uzao wao. Bado una joto."