Nyumba Sita za Bondeni

Kila siku akitoka shule, Kwanini alipitia ofisini kwa shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa nyumbani, kwa sababu ukimjibu swali moja anakuletea mawili. Alikuwa darasa la sita. Shangazi alikuwa mhandisi, na kazi yake ilikuwa kupanga mahali pa kujenga minara ya simu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi, na ramani kubwa ilifunika meza yote.

"Shangazi, mbona jioni simu inaonyesha mtandao upo, lakini ukipiga haitoki?"

Shangazi aliacha kalamu. "Mnara ni kama dirisha la kukatia tiketi. Wakija watu mia kwa pamoja, dirisha wote wanaliona, ila wengi watangoja. Kwa hiyo tunatafuta mambo mawili: mawimbi yanafika wapi, na watu wangapi wanapiga kwa wakati mmoja."

"Mnajuaje ni wangapi?"

"Tunawauliza. Na kwa kuwa wewe mdomo hauchoki, utanisaidia."

Siku ya kwanza ya likizo, Shangazi alimpa daftari. Mnara mpya ungejengwa karibu na mtaa wao, juu ya machimbo ya mawe. Kwanini alitakiwa kuzungukia nyumba ishirini, aandike kila moja ina simu ngapi na zinatumika zaidi saa ngapi.

Nyumba kumi na nne za kwanza zilimfurahisha. Kinyozi alikuwa na simu mbili. "Hii ya wateja, hii ya mke wangu," alisema. "Nikizichanganya, nimekwisha!"

Nyumba sita zilizobaki zilikuwa bondeni, nyuma ya machimbo. Njia ilikuwa ya kokoto zinazoteleza, jua lilikuwa kali, na wenzake walikuwa wanamwita wakaruke kamba. Kwanini alisimama, akatazama chini, kisha akakaa juu ya jiwe. Akaandika mara sita: simu moja, saa kumi na mbili jioni. Halafu akakimbilia kamba.

Kesho yake Shangazi aliingiza takwimu kwenye kompyuta. Ramani ikajaa rangi: kijani, manjano, na bondeni kijivu.

"Kijivu ni nini?" Kwanini aliuliza.

"Mawimbi hafifu. Mnara huu mpya utakuwa na antena tatu, kila moja inatazama upande wake. Ningeweza kuielekeza moja bondeni, lakini huko kuna simu sita tu. Nitaigeuzia sokoni." Shangazi akakunja uso. "Ajabu lakini. Nyumba sita, zote simu moja moja, tena saa ile ile."

 Kwanini alitazama ramani, akatazama mlango. Angeweza kunyamaza.

"Shangazi... huko sikufika. Nilijaza mwenyewe."

Shangazi hakupandisha sauti. Alichukua kipimo cha mawimbi, akavaa viatu vya kazi. "Twende."

Waliteremka polepole, wakishikana mikono kwenye kokoto. Kwanini alibeba kipimo na kusoma namba kwa sauti. Juu kilisoma hasi sabini, kwa mawimbi ya mnara wa zamani. Kadiri walivyoshuka, namba ilizidi kwenda mbali na sifuri, maana yake mawimbi yalizidi kudhoofika. Nyuma ya ukuta wa mwamba kikasoma hasi mia moja na kumi na nane.

"Mwamba unayazuia!" Kwanini alisema, akasahau aibu yake kidogo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa imegawanywa vyumba vya wapangaji, vibarua wa machimbo. Simu kumi na tisa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mkunga.

"Juzi mama mmoja alizidiwa," mkunga aliwaeleza. "Nilimwacha peke yake, nikapanda hadi kwenye lile jiwe la juu, penye mtandao, kuita gari la wagonjwa. Tulimuwahi, lakini chupuchupu."

Kwanini aliandika kila neno. Bondeni walihesabu simu arobaini na tatu.

Jioni ile Shangazi alibadilisha mpango: antena ya tatu ikaelekezwa bondeni, ikaongezewa uwezo wa kupokea simu nyingi kwa pamoja.

Miezi mitano baadaye, simu ya ofisini iliita. "Ni mimi mkunga," sauti ilisema, safi kabisa. "Nimesimama jikoni kwangu!"

Shangazi alipokata simu, alimgeukia Kwanini. "Mwanangu, kuchoka si kosa. Ungeacha nafasi zile sita wazi, ningejua kwamba hatujui, nami ningekwenda kuuliza. Ulipozijaza uongo, nikaamini najua, na mkunga angebaki kupanda jiwe. Siku usiyofika mahali, andika: sikufika."

"Nitaandika, Shangazi," Kwanini alisema.