Lenzi za Kulalia

Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja ndevu. Bintiye alikaa pembeni akisoma daftari, pua karibu iguse karatasi. Mpira wa pete ulikuwa umemvunjia miwani, ya tatu mwaka huo.

"Huyu havai miwani tena," kinyozi alijigamba. "Kesho anafanyiwa leza ya macho. Kliniki mpya imeshatupangia."

Mteja, mpima macho wa hospitali, alifumbua jicho moja. "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mitano. Karani wao kasema kwenye fomu tuandike kumi na minane. Eti nani atauliza?"

"Fundi, weka wembe chini kwanza." Mteja aliketi wima, povu kidevuni. "Huyo karani hana haya! Macho ya mtoto bado yanabadilika. Leza inachonga kioo cha mbele cha jicho, na kikishachongwa hakirudi. Baada ya mwaka namba ya miwani inapanda, mtoto anarudia kuivaa. Walimpima unene wa kioo hicho?"

"Hawakupima chochote. Walitupatia soda tu."

"Soda!"

Damu ilimchemka kinyozi. Soda yenyewe aliinywa yeye, tena akashukuru. "Kumbe leza ni utapeli?"

"La. Inamfaa mtu mzima ambaye macho yake yametulia mwaka au zaidi, akishapimwa vizuri. Utapeli ni kumdanganyia mtoto umri."

Binti aliinua kichwa. "Sasa nitacheza vipi, mjomba?"

"Kuna lenzi ngumu za kulalia. Zinakandamiza kioo cha jicho taratibu ukiwa usingizini. Asubuhi unazitoa, mchana unaona bila miwani. Ukiziacha, jicho linarudi lilivyokuwa. Ila hazimfai mvivu! Nawa mikono kwa sabuni, ikauke. Zisafishe kwa dawa yake tu. Maji ya bomba na mate, marufuku. Jicho likiuma au likiwa jekundu, zitoe, uje mbio. Uchafu unaweza kukupofusha."

Mchana huohuo kinyozi aliingia kliniki kuidai ile fomu.

"Mzee, acha woga," karani alitabasamu.

"Woga? Unataka kuchonga macho ya mwanangu kwa uongo, halafu unanichekea?"

Foleni nzima iligeuka. Wazazi wawili walitoka na watoto wao. Kinyozi aliipeleka fomu kwa wakaguzi wa afya, na hakutoka mpaka walipoandika malalamiko yake. Karani alisimamishwa kazi.

Hospitalini, binti alipimwa vizuri na kufundishwa kuvaa na kutoa lenzi. Siku za kwanza aliona ukungu kidogo. Wiki ya pili alisoma ubao akiwa dawati la nyuma. Alirudi kupimwa kila alipoitwa.

Siku ya mechi, mama mmoja alimgusa kinyozi bega. "Binti yako kaacha miwani! Leza kafanyiwa wapi? Nimpeleke wangu, ana miaka kumi na miwili."

"Kumi na miwili?" Kinyozi alisahau mchezo. "Mama, kaa hapa nikueleze!"

Binti aliutupa mpira ukapita katikati ya pete. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Baba yake hakuona. Alikuwa bado anafoka.