Pilipili Achagua Maji

Nyumbani kwa Sajini hata sufuria zilipangwa kwa cheo, kubwa mbele, ndogo nyuma. Kila jioni viatu vyote vilipigwa rangi na kuwekwa kwenye mstari mlangoni, buti za Sajini mbele. Sajini, askari mstaafu wa nchi kavu, alivikagua mikono ikiwa nyuma, kana kwamba vingempigia saluti.

Jioni hiyo binti yake alisugua kiatu bila kuinua macho. Alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa ulimi, ndiyo maana wakamwita Pilipili. Kesho yake wanafunzi wa darasa lake wangechagua tawi la kikosi cha vijana: nchi kavu, anga au majini.

"Utachagua nchi kavu," alisema Sajini. "Babu yako nchi kavu, mimi nchi kavu."

"Mimi majini, baba."

Kaka yake aliangua kicheko. "Majini? Wewe unayeogopa hata beseni?"

"Cheka tu. Nataka kuwa zimamoto kama shangazi. Ghala likiwaka, watu wanatoka nje. Meli ikiwaka katikati ya bahari, utatoka uende wapi? Ndiyo maana kule kila mtu hufundishwa kuzima moto, hata mpishi!"

"Jeshi ni jeshi," alinguruma Sajini.

"Samahani, baba. Miaka yote ile jeshini, ulizima moto mara ngapi?"

Jikoni mama alikohoa, kikohozi cha kuficha kicheko.

"Haya, nenda," Sajini alisema hatimaye. "Ila wakikurudisha kwa sababu hujui kuogelea, unaingia nchi kavu, na sitaki kusikia neno majini tena humu ndani."

"Nimekubali."

Asubuhi waliochagua majini walipanga mstari kando ya bwawa la kuogelea. Mkufunzi, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani hajui kuogelea?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Nyamaza," alinong'ona mvulana aliyesimama karibu na Pilipili. "Ukisema tu, umerudishwa."

Pilipili akawaza kurudi nyumbani, kicheko cha kaka, ushindi wa baba. Kisha akamkumbuka shangazi. Zimamoto akiwa ndani ya moshi huulizwa hewa iliyobaki kwenye mtungi wake. "Ukidanganya kwamba ipo," shangazi alimwambia siku moja, "wenzako watakufa wakikutafuta."

Mkono ukapanda juu.

"Mimi sijui, afande. Na sirudi nyumbani!"

Wengine walicheka. Mkufunzi hakucheka. "Nani kakwambia urudi? Nimeuliza ili nijue nimwanzishe nani wapi. Ninyi mnaojua, haya, kwenye kina kirefu. Rukeni!"

Watatu waliruka. Waliobaki walisimama ukingoni kama kuku walionyeshewa mvua, na yule mnong'onezaji alikuwa wa kwanza kurudi nyuma.

"Afande, mimi... tumbo linauma."

"Tumbo lako linajua kuogelea?" aliuliza mkufunzi. "Waongo wote, kaeni kwenye benchi. Mtaingia majini siku mtakayojifunza kujibu swali. Wewe mdogo, njoo huku kwenye kina kifupi."

Pilipili aliingia akishikilia ukingo. Alikunywa maji, akakohoa, akaambiwa apumzike. "Bado!" alijibu, akazamisha uso tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi, huku kaka akimwita chura na yeye akimjibu, "Chura hazami."

Siku alipolivuka bwawa lote, alimkuta baba yake ukingoni ameshika taulo, na shangazi kando yake amevaa sare ya zimamoto.

"Naona wamekataa kukurudisha," Sajini alisema, akikaza uso usitabasamu.

"Wangenirudisha ningekuja tena, baba."

Shangazi alicheka, akamfunika taulo mabegani. "Ubishi wako usiuache, mwanangu, utauhitaji. Ila mbishie baba, mbishie kaka, bishana na maji yenyewe. Ukweli usibishane nao. Anayekiri asichokijua hufundishwa. Anayejifanya anajua, moto humkuta vilevile alivyo."

Jioni ile, viatu vilipopangwa mlangoni, kaka alisimama akatazama mara mbili. Mbele kabisa ya mstari, mbele ya buti za Sajini mwenyewe, vilikaa viatu vidogo vya Pilipili, vimepigwa rangi na mkono wa askari wa nchi kavu.